Ng'ambo ya Ng'ambo

Perry Barr, Birmingham, Jumamosi baada ya adhuhuri

Mwanangu Nasra,

Barua za wazee wetu zilianza kwa kusema sisi huku hatujambo, wasiwasi ni juu yenu huko. Mimi siwezi kuanza hivyo, kwa sababu nakuandikia mezani kwetu, koti lako jipya limening'inia nyuma ya kiti ninachokalia, na hali yako naijua: u mzima, umefunga masanduku mawili, na umeninunia. Umekwenda na mama yako Kings Heath kutafuta viatu vya mvua. Mkiingia madukani nyinyi wawili hamtoki upesi, kwa hivyo nimezima simu ya teksi, abiria wa leo wajitafutie njia.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Tangu ulipoanza shule nakusemesha kwa Kiswahili, nawe unanijibu kwa Kiingereza, na tumezoea hivyo mpaka wageni wakitusikiliza wanacheka. Kwenye barua huna nafasi ya kujibu. Ukikwama neno, mpigie mama yako. Yeye ni mtu wa Malindi, lugha amezaliwa nayo. Mimi Msomali wa Isiolo, Kiswahili nilikiokota mjini na shuleni, lakini insha nilikuwa napata alama nzuri, basi usinicheke.

Sitakwambia uvae nguo za joto. Wewe ni muuguzi, umewavalisha wazee wa watu wengi kuliko abiria niliowabeba, na ya soksi mama yako ameshayasema mpaka yamekwisha ladha. Nataka kuzungumza juu ya lile neno nililolitoa jikoni wiki tatu zilizopita.

Ulikuja umechangamka, ukasema umepata kazi katika hospitali ndogo ya kisiwa kinachoitwa Tristan da Cunha. Nikakuuliza kiko nchi gani. Ukasema, "It's British, Baba, but it's not Britain." Nikauliza, kama ni Uingereza na tena si Uingereza, mwenyewe ni nani? Ukatazama dari. "It's complicated," ukasema. Hapo damu ikanipanda, nikasema mbele ya mama yako kwamba radhi yangu sitoi mpaka nielewe mwanangu anakwenda kukaa chini ya nani. Nikaongeza, kwa ubishi tu, kwamba hata kituo cha Digbeth kwenye basi la uwanja wa ndege wa Heathrow sikupeleki. Maji yakimwagika hayazoleki, na siku ile nilimwaga pipa zima.

Hukuniuliza tena. Lakini nakuona. Unapita karibu yangu polepole ukiwa umebeba sahani, unangoja. Unao mkataba, unayo paspoti, umechanjwa, na bado unangoja neno langu, kwa sababu hata mtoto aliyezaliwa Uholanzi akalelewa Birmingham anajua kwamba safari ya bahari bila radhi ya baba ni safari ya mashaka. Nashukuru kwamba unalijua hilo. Nashukuru na ninaona aibu pia.

Umedhani nilikaa kimya kwa kiburi. Nilikuwa nasoma, mama. Nimesoma mpaka kichwa kimevurugika zaidi ya pale nilipoanzia.

Nilianza na njia, kwa sababu mimi ni dereva. Kisiwa chako kina postikodi, tena ya Kiingereza kabisa, herufi na namba kama yetu. Nikaiingiza kwenye mashine ya njia garini, nimeegesha karibu na Alexander Stadium. Mashine ikazunguka, ikafikiri, ikaniambia haikupata barabara. Sijawahi kuisikia ikisema hivyo, hata kwa zile nyumba mpya zilizojengwa baada ya ile michezo mikubwa ya uwanjani hapo, ambazo nusu yake hazikuwa na namba mlangoni.

Nikaenda kwenye ramani ya simu. Nikapanua kwa vidole: maji. Nikapanua tena: maji. Mwisho nikakiona, kidoa katikati ya Atlantiki ya kusini, na jirani wa karibu mwenye watu ni Saint Helena, zaidi ya kilomita elfu mbili kaskazini. Ndege hakuna. Mtu anakwenda Cape Town, anapanda meli, anakaa majini karibu wiki, na akifika mawimbi yanaweza kukataa asishuke, akabaki melini siku nyingine akiziangalia nyumba tu. Kando yake kuna visiwa vingine, na kimoja jina lake kwa Kiingereza maana yake ni Kisiwa Kisichofikika. Nikajiuliza, ikiwa hicho ndicho kisichofikika, hiki chako kimepewa sifa gani? Mji wao ni mmoja tu, nao wameuita Edinburgh, kama ule wa Scotland. Usiulize. Mimi jina hilo nililiona kwenye skrini yako kabla hujatuambia kitu, nikawatangazia wenzangu msikitini kwamba binti yangu anahamia Scotland, na sheikh akaniambia safari fupi hiyo, ataweza kurudi kila Idi.

Kisha serikali. Hapa nilikaa siku nne na bado sijatoka. Mfalme ni yule yule wa kwenye sarafu zetu. Chini ya mfalme kuna London. London imeweka gavana, lakini gavana hakai kisiwani kwako, anakaa Saint Helena, kwa sababu Saint Helena na kisiwa kingine kinachoitwa Ascension na hiki chako ni himaya moja, ingawa kati yake kuna bahari isiyokwisha. Gavana ana mtu wake anayekaa kisiwani, wanamwita Administrator. Nikimtafsiri kwa lugha ya utoto wangu, huyo ni DC. DC naye anakaa na baraza la kisiwa: wajumbe wanane wa kuchaguliwa, watatu wa kuteuliwa, na mwanamke lazima awemo. Anayepata kura nyingi kuliko wenzake ndiye mkubwa wa wenyeji. Serikali yote hiyo, ngazi juu ya ngazi, na raia wenyewe hawafiki mia tatu! Wana bendera yao. Ni Waingereza kwa paspoti lakini kura ya bunge la Uingereza hawapigi. Na ukiwapigia simu, namba yao inaanza kama namba ya London. Nilipofika hapo nikafunga kompyuta nikaenda kupika chai.

Nilipokwenda kukununulia yale masanduku kwa Mzee Harbans, nilimweleza yote hayo. Unamjua, yule Kalasinga mzaliwa wa Nakuru mwenye duka la mikoba Kings Heath. Alinisikiliza huku akijaribu zipu moja baada ya nyingine.

"Abdi, wacha nikuulize," akasema. "Huyo governor akitaka kuona watu wake, anapanda nini?"

"Meli."

"Direct?"

"Sidhani. Naona lazima azunguke mpaka Cape Town kwanza."

"So boss anakaa mbali kuliko customer!" Akacheka mpaka akashika kilemba. "Hiyo biashara mimi siwezi ingia. Na msichana amekubali?"

"Amekubali zamani. Mimi ndiye sijakubali."

"Na wewe unangoja nini?"

"Nielewe."

Akaacha zipu. "Sisi tulitoka Nakuru na passport ya British, na British akatuambia ngojeni kwanza, tuangalie kama nyinyi ni wetu. Mpaka leo mimi sijaelewa. Ningengoja kuelewa, ningekuwa bado airport." Kisha akanipa masanduku na kuniuliza kama kisiwani wanahitaji kufuli. Nikamwambia nimesoma kwamba milango hawafungi. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kibiashara.

Lakini mimi, Nasra, sikuumbwa kama Harbans. Neno serikali haliniingii kirahisi. Nilipokuwa mtoto Isiolo, mtu akisafiri kwenda Nairobi tulisema anakwenda Kenya. Akirudi tunamuuliza, Kenya wanasemaje? Na sisi tulikuwa ndani ya Kenya, ramani inasema hivyo, walimu wanasema hivyo. DC alitoka mbali, akakaa, akahamishwa, akaja mwingine. Kila mmoja alimuuliza babu yako maswali yale yale, alizaliwa wapi na baba yake alizaliwa wapi, na babu alikuwa anayajibu kwa heshima kama mtu anayesoma sala. Kipande cha utambulisho tulikuwa nacho kama Wakenya wengine. Kisha sisi Wasomali tukapewa na kadi ya pili, ya kuthibitisha kwamba ile ya kwanza si ya uongo. Nilikuwa kijana tayari, nimesimama kwenye foleni kiwanjani, na nakumbuka nilikuwa nimevaa shati jeupe la mtihani nikidhani litanisaidia. Halikunisaidia kitu.

Sasa ndiyo maana nilipaaza sauti jikoni. Mtu aliyekaa ndani ya nchi akaambiwa yuko nje, akisikia mwanawe anakwenda mahali ambapo ni Uingereza na si Uingereza, moyo unamwambia nalijua hili, nimewahi kulala humo. Utotoni, ng'ambo ilikuwa huku. Tulikuwa tukisema fulani ameenda ng'ambo, na mama yake anatembea sokoni kichwa juu. Nikaja ng'ambo, nikazeeka ng'ambo, na leo naambiwa ng'ambo nayo ina ng'ambo yake, na mwanangu ndiye anakwenda huko. Niwaambie nini watu wa Isiolo? Watadhani nimeongeza chumvi.

Kitu kimoja tu nilikielewa mara moja, bila kurudia kusoma. Ardhi ya pale ni ya wote. Mgeni hawezi kununua hata akija na gunia la dhahabu. Na kila familia ina idadi yake ya ng'ombe na kondoo isiyoruhusiwa kuzidi, asije akatokea tajiri mmoja akamaliza majani ya wenzake. Nilipoyasoma hayo nikacheka peke yangu garini. Babu yako angewapenda watu hao. Angewauliza maswali ya malisho mpaka wakamkimbia.

Kisha nikasoma jambo jingine, likanirudisha gizani. Miaka ya sitini mlima wao uliwaka moto nyuma ya nyumba, wakahamishwa wote, wakaletwa huku Uingereza. Wakapewa pa kulala, wakapata kazi, watoto wakaingia shule. Baada ya muda wakapiga kura warudi au wabaki, na karibu wote wakasema turudi. Nililisoma hilo mara tatu. Mimi nilihangaika miaka mingi kuipata ardhi hii, nikapitia nchi za watu, nikala mikate ya baridi kwenye vituo vya treni, na hapa kuna watu waliopewa Uingereza mkononi wakasema asante, tunarudi kwenye jiwe letu na viazi vyetu. Je, walijua kitu ambacho mimi sikujua? Au mimi ndiye nilikuwa na jiwe langu na sikulithamini? Sijui. Nimelifikiria kwenye taa nyekundu zote za barabara hii mpaka abiria mmoja akaniambia ni kijani, mzee.

Sasa nikueleze kosa langu la Tilburg, kwa sababu linahusika.

Tulipofika Uholanzi, mimi na mama yako, nilijiambia kwamba kama nchi ile ina sheria, basi nitazijua zote. Nikazijua. Nilijua ofisi ya makazi iko wapi, ya kodi iko wapi, dirisha gani hufunguliwa siku gani, na karani gani ana roho nzuri. Wasomali wenzangu walikuwa wananiita wakili. Miaka minne tulikaa ghorofa ya pili, na chini yetu kulikuwa na mama mmoja wa Kiholanzi anayeishi peke yake. Nilikuwa nikimpita kwenye ngazi, namwinamishia kichwa, naendelea na shughuli zangu za serikali. Nilijiona mtu mwenye adabu.

Alfajiri uliyochagua kuja duniani kulikuwa na theluji mpaka magotini. Teksi zilikataa. Nikasimama na simu, nikaanza kupigia zile ofisi zangu zote, na kila moja ikanijibu kwa mashine kwamba imefungwa. Mama yako akaniambia kwa sauti ambayo sijaisikia tena, "Abdi, mwite mtu." Nikashuka mbio. Nikafika mlangoni kwa jirani, mkono juu, na nikakwama, kwa sababu sikujua nimwite nani. Nilikuwa nimeishi juu ya kichwa cha mtu miaka minne na jina lake silijui. Nikagonga hivyo hivyo kama mwizi asiye na akili. Akatoka na ndara za nyumbani, akatazama uso wangu, hakuuliza kitu, akachukua funguo za gari.

Yule ndiye Oma, bibi yako wa Kiholanzi unayemkumbuka, aliyekuwa anakuletea biskuti kila Jumatano. Jina lake nililijua hospitalini, baada ya wewe kulia. Nilikuwa sijakusimulia hivyo, nilikuwa nasema tu Oma alikuwa rafiki yetu. Alikuwa rafiki yetu baadaye.

Nalisema hili kwa sababu Jumanne hii niligundua kwamba nimelirudia kosa lile lile. Nimekaa wiki nzima nikisoma mfalme na gavana na baraza, ofisi juu ya ofisi, na sijauliza mlango wa pili ni wa nani.

Nikaichukua ile namba ya kisiwani uliyoibandika kwenye friji, nikapiga.

Najua. Usikasirike, endelea kusoma.

Nilikuwa nimeegesha Digbeth, nyuma ya kituo cha mabasi. Niliposoma kwenye karatasi za kazi yako kwamba baraza la kisiwa lilikaa likakujadili, watu wazima wakazungumza kama wakukubali au wasikukubali, mimi kichwani mwangu nilikuwa nimeliona ni jambo la posa. Sasa kwetu posa haifanywi upande mmoja. Wazee wa huko wamekaa, wazee wa huku hawajaulizwa! Basi nikapiga simu kama mzee wa upande wa bibi harusi. Akapokea mama mmoja. Nikamsalimia inavyopasa, salamu zetu kwa Kiingereza: hujambo, nyumbani hawajambo, wazee je, watoto je, mifugo je, mvua mmepata? Nikadhani atakata. Hakukata. Alinijibu moja moja, taratibu, kwa Kiingereza cha kizamani kidogo: wazima, wazima, ng'ombe wamenona, mvua tele, na upepo tungeweza kuwagawia.

Nikamwambia mimi ni baba wa muuguzi anayekuja. Nikamwambia kwetu binti haingii nyumba ya watu mpaka wazee wamezungumza, na mimi hakuna aliyezungumza na mimi. Nikasikia kiti kinavutwa. Kisha akasema, "Haya, baba yake Nasra. Tuzungumze."

Jina lako alilitaja vizuri, ile "r" akaivuta kidogo. Akaniambia mlango wako ni wa tatu kutoka kwake. Akaniambia umekatiwa matuta ya viazi kando ya matuta yake, na kama hujawahi kulima wataona haraka sana na watacheka, lakini hawatakuacha. Mimi namwita Mama wa Viazi tangu siku hiyo, jina lake kamili utaniambia wewe. Nilimuuliza juu ya gavana. Akasema, "Gavana ni mtu mzuri, huja akiweza." Nikauliza sasa mkubwa wenu ni nani hasa. Akafikiri. Akasema inategemea na hali ya hewa, kwa sababu asubuhi bahari ikitulia mtu mmoja anagonga chuma, na wakisikia hicho chuma kila mtu anaacha kazi ya ofisi anakwenda kuvua. Sikuelewa kama ananitania. Nikaandika tu.

Halafu akaniuliza yeye swali. "Tumesikia nyama hali ila iliyochinjwa kwa desturi yenu. Duka letu hungoja meli. Kondoo tunachinja wenyewe. Mume wangu anauliza, atakuja kuchinja mwenyewe, au tumtafutie namna nyingine?"

Nasra, mimi nimeulizwa maswali na serikali za nchi tatu. Nimeulizwa nilizaliwa wapi, baba yangu alizaliwa wapi, nina senti ngapi, kwa nini nilikuja, nitaondoka lini. Hakuna hata moja iliyowahi kuniuliza mtoto wangu anakula nini. Nilitazama mabasi yakiingia na kutoka mpaka yule mama akaita, "Hello?"

Na hapo ndipo nilipofanya kosa jingine, hili jipya kabisa, na linakuhusu. Nilisema, kwa kifua mbele, "Kuchinja? Yule ni binti wa wafugaji! Amechinja tangu utotoni."

Ndiyo. Nilisema hivyo.

Wewe ambaye nyama umeiona kwenye trei ya bucha tu. Wewe uliyelia kwa sababu ya samaki wa shule. Sijui ni nani aliyenisukuma ulimi, nadhani ni babu yako. Mama wa Viazi akafurahi sana, akasema atawaambia wote, wakati wa kuchinja wakuite uwasaidie. Kwa hivyo uelewe kwamba kisiwa kizima, mkubwa wa wenyeji na DC wakiwemo, kinakungoja kama fundi wa kondoo.

Ndiyo maana jana nilikuita sebuleni nikauweka mto wa sofa sakafuni. Ulidhani nimeugua, au ndiyo namna yangu ya kukuaga. "Baba, are you okay? Is this, like, a goodbye thing?" Sikuwa na uso wa kukueleza, nikakupa mwiko wa wali nikakwambia ni kisu. Nilikuonyesha umlaze kondoo ubavu wa kushoto, umwelekeze kibla, kisu kikali na asikione kikinolewa, umshike kwa upole kwa sababu naye ana moyo, useme Bismillah, Allahu Akbar, ukate mara moja bila kusitasita. Nilipotaka kukuonyesha mishipa ya shingo ukanitajia yote majina yake ya kitabibu, na ile inayopaswa kukatwa ukaigusa kwenye shingo yangu mwenyewe kwa kidole. Nilikuwa nimesahau kwamba mkono wako unajua mwili kuliko wangu. Kisha ukauchinja ule mto kwa mwiko, manyoya mawili yakatoka kweli, ukacheka. Zilikuwa wiki tatu hujacheka mbele yangu. Nilitaka nikwambie radhi pale pale, nikashindwa, nikaanza kukulaumu juu ya mto.

Nilimuuliza sheikh, mwanamke anachinja, hakuna tatizo. Kibla nimekitafuta pia. Hapa tunaelekea kusini-mashariki. Kule utaelekea kaskazini-mashariki, na huo mstari kabla ya kufika Makka unakatiza Afrika. Sijapima kama unapita karibu na Isiolo. Sitaki kupima, nitajisemea tu kwamba unapita.

Mnarudi, nasikia mama yako anagombana na geti. Nimalize.

Mambo ya kisiwa chako sijayaelewa. Sitakudanganya ili barua iishe vizuri. Sijui kama unakwenda Uingereza au unatoka. Sijui mwenyewe ni mfalme, au gavana asiyefika, au yule anayegonga chuma, au wale kondoo wenye idadi. Huenda ukikaa mwaka utanieleza, na huenda nawe utarudi umechanganyikiwa kuliko mimi, tukae wawili. Naogopa. Naogopa maji yale yote, na ile siku utakayougua wewe muuguzi, na meli iko mbali. Nilisema sitoi radhi mpaka nielewe. Basi naitoa bila kuelewa. Radhi yangu unayo, yote, ya baba kwa mwana, tangu Tilburg hadi leo na huko mbele, nchi kavu na majini, na ukikosea nimekwisha kukusamehe kabla hujakosea. Mungu akufikishe, akushushe salama, akupe majirani na wewe uwe jirani.

Kesho nitakupeleka mimi. Tena Digbeth nimeifuta. Nitakupeleka mpaka Heathrow, na utakaa kiti cha nyuma, kwa sababu ukikaa mbele nitakuwa nakutazama badala ya barabara. Kabla sijawasha gari nitakuuliza lile ninalomuuliza kila abiria tangu nianze kazi hii, na ambalo jibu lako nimelikataa wiki tatu: unakwenda wapi? Ukishasoma haya, nakuomba kitu kimoja tu. Nijibu kwa Kiswahili. Sema jina la kisiwa, useme nakwenda huko, baba, nami nitaondoa breki.

Baba yako,
Abdi